Miraba Miwili ya Verlyn Aasgaard

Verlyn Aasgaard alichanganya rangi kwa miaka thelathini na minane katika duka la vifaa vya ujenzi la mji wetu, na nyumba yake mwenyewe ilikuwa na rangi ya uji. Simaanishi uji wa asubuhi wenye maziwa na sukari. Namaanisha uji uliolala.

Najua ilivyokuwa kwa sababu nilikuwepo. Nilikuwa keshia wa duka hilo kwa miaka kumi na tisa, hatua sita kutoka kaunta ya Verlyn, na nyumba zetu zimepeana migongo, uchochoro mmoja tu katikati. Mteja alikuja na kipande cha pazia, au jani, au soksi ya mumewe, akasema nataka ukuta uwe hivi. Verlyn aliitazama hiyo soksi mara moja, akadondosha matone yake kwenye kopo la rangi nyeupe, akalifunga kwenye mashine ya kutikisa, na kilichotoka kilikuwa soksi yenyewe. Lakini wateja ni binadamu. Mtu anafika nyumbani, anapaka ukuta mmoja, anaona ile waridi aliyoililia inafanana na dawa ya tumbo, anairudisha. Rangi ikishachanganywa haichanganuliwi tena. Makopo ya namna hiyo yalipangwa rafu ya chini, na yakikosa mtu kwa mwezi mzima, Verlyn aliyabeba kwenda kwake.

Huko, kwenye chumba cha chini ya nyumba, aliyamimina yote kwenye ndoo moja: waridi, kijani, zambarau, rangi ya chungwa. Akakoroga kwa kipande cha mbao. Kinachotoka ukikoroga rangi zote pamoja ni kitu kimoja, mwaka huu na mwaka ujao. Ni uji. Sebule ilikuwa uji, jiko uji, chumba cha kulala uji, na kila baada ya miaka mitano alipaka upya, uji juu ya uji.

Kila alipomaliza chumba alimwita mkewe aje aone. Ardis alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mwanamke mrefu mwenye mabega ya kubebea masufuria, na maneno yake yalikuwa machache. Alisimama mlangoni, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Ni nzuri tu." Verlyn akaosha brashi zake. Mambo yakaishia hapo kwa miaka arobaini na mitatu.

Mimi si mzaliwa wa hapa. Nilitoka New Jersey nikaolewa Nordby, Minnesota, miaka thelathini na mmoja iliyopita, na bado naitwa Loretta wa Mashariki. Kwetu mtu akichukia rangi ya ukuta wako atakuambia kabla hajavua koti. Watu wa hapa hawako hivyo. Ukitaka kujua walivyo, wasikilize kwenye kahawa.

"Kahawa?"

"Hapana, usijisumbue."

"Kikombe tu."

"Nimetoka kunywa sasa hivi."

"Ipo tayari kwenye birika."

"Basi, nusu."

Hiyo nusu ndiyo namna yao ya kusema ndiyo. Sijawahi kumwona mtu wa Nordby aliyeomba nusu akamiminiwa nusu, wala aliyeomba nusu akaondoka kabla ya kikombe cha tatu. Lakini lazima uulize mara tatu. Ukiuliza mara moja ukaondoa birika, umemfanyia mgeni jeuri, naye atakwenda kwake na kiu yake, na hatakuambia mpaka mnazikana. Mwaka wangu wa kwanza nilimnyima kahawa mama mkwe wangu miezi minane bila kujua. Nilidhani hanywi.

Sasa, mwezi wa pili mwaka huu, Ardis alipigwa na kiharusi akimenya viazi. Upande wa kulia ulilala wote, mkono na mguu. Maneno nayo yalimtoka, ila matatu. Mtaalamu wa kusemesha wagonjwa kule hospitali alitueleza kwamba maneno mtu aliyoyatumia sana maishani huwa yanabaki hata mengine yakiondoka, kama njia iliyokanyagwa sana isivyoota majani. Kuna wanaobaki na sala. Kuna wanaobaki na matusi. Ardis alibaki na "ni nzuri tu".

Unaumwa wapi, Ardis? Ni nzuri tu. Binti yako anaitwa nani? Ni nzuri tu. Hata kichwa kilikuwa hakiaminiki. Alikubali alipotaka kukataa, akakataa alipotaka kukubali. Wataalamu walisema hilo litarudi polepole, ila tusilitegemee kwanza.

Baada ya wiki saba wakasema anaweza kurudi nyumbani, lakini asahau ngazi. Ikabidi chumba cha kulia chakula kiwe chumba chake. Meza ikatolewa, kitanda cha hospitali kikaingizwa, na yule mtaalamu akampa Verlyn ushauri mmoja wa mwisho. Alimwambia Ardis atakuwa akilala akitazama ukuta mmoja kwa saa nyingi sana kila siku, labda kwa miaka yote iliyobaki, kwa hiyo apake ukuta huo rangi anayoipenda.

"Anapenda rangi gani?" akauliza.

Verlyn alinisimulia hili akiwa amesimama kwenye uchochoro wetu na koleo la theluji mkononi. Alikuwa ameacha kuzoa.

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Nikamwambia nitafikiri."

"Verlyn. Mke wako anapenda rangi gani?"

Akatazama koleo. "Mama Hegstad anapenda kijani cha zeituni," alisema. "Mchungaji anapenda kijivu, ila mkewe hakubali. Wewe jikoni kwako kuna nyekundu ya matofali, tarehe kumi na nne Oktoba, makopo mawili." Akalisimika koleo kwenye theluji. "Ya Ardis siijui."

Nilitaka kumpiga na lile koleo lake. Nilitaka pia kumkumbatia, lakini hapa hawakumbatiani, kwa hiyo nilimwambia theluji ya upande wangu nayo aizoe.

Alikuwa na siku kumi na mbili kabla Ardis hajarudi. Mtu mwingine angechagua rangi alasiri moja. Verlyn alianza kwa kutafuta ushahidi. Alifungua kabati la nguo za mkewe: sweta za kijivu, na gauni moja la bluu la harusi ya binti yao. Akafungua droo za jikoni: vitambaa vya njano, lakini hivyo aliletewa na dada yake. Akampigia simu binti yao Jolene, aliyeko Arizona.

"Baba, mama hajawahi kuwa na rangi anayoipenda," Jolene alisema. Simu ilikuwa kwenye spika nami nilikuwepo. "Mama anapenda kila kitu."

"Hakuna mtu anayependa kila kitu," nikasema.

"Nani huyo, Loretta?" akasema Jolene. "Mwambieni Loretta asianze."

Basi Verlyn akachagua mbili, moja kwa ushahidi wa gauni na moja kwa ushahidi wa vitambaa. Bluu iliyokoza, kama wino, na njano laini ya siagi. Nilimwambia rangi hizo hazina undugu wowote. Akasema ndiyo maana. Ukilinganisha rangi mbili za ukoo mmoja hujifunzi kitu. Akapaka kila moja mraba wa mita moja kwenye ule ukuta wa uji, tabaka mbili, na katikati akaacha nafasi ya mita nzima.

"Mbona umezitenga hivyo?"

"Zikigusana zinadanganyana," alisema. "Njano inaifanya bluu ionekane nyeusi, bluu inaifanya njano ionekane na homa. Kila moja ijieleze yenyewe."

Kisha akangoja zikauke siku nzima, maana rangi mbichi nayo ni mwongo. Kisha akavua viatu, akalala kwenye kitanda cha Ardis, kichwa mahali pa kichwa chake, akatazama. Alilala hapo siku tisa. Simaanishi bila kuamka; alitoka kula na kwenda hospitali kumwona. Lakini kila saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni nilimwona kupitia dirisha langu, chali, soksi zikielekea ukutani, daftari kifuani. Dirisha la chumba kile linatazama kaskazini, na theluji ilikuwa bado imejaa nje, kwa hiyo mwanga ulioingia ulikuwa wa baridi. Alinisomea daftari.

"Saa mbili, mawingu: njano inaelekea kijani, kama mtu aliyechefuliwa na mashua. Bluu imetulia. Saa sita, jua: njano ni nzuri sana. Bluu nayo nzuri. Saa kumi na moja: bluu imeingia giza, huoni ukuta, unaona shimo. Njano kwenye taa ni ngozi ya kuku."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo asubuhi bluu, mchana zote, jioni hakuna."

Watu wakaanza kuja. Mtu akiugua Nordby, watu huja na bakuli la oveni lenye viazi juu na nyama chini, na Verlyn alikuwa nayo kumi na moja kwenye friza. Kila aliyeleta bakuli aliulizwa. Mama Hegstad alizitazama rangi zile kwa muda mrefu, akakunja midomo, akasema zote ni nzuri. Mchungaji akasema ni nzuri, kila moja kwa namna yake. Orrin Tveit, rafiki wa Verlyn tangu utotoni na mtu asiyekosa maoni kuhusu matrekta, aliegemea mlango, akajikuna, akasema, "Mtu angeweza kuwa na mbaya zaidi ya hizo."

"Ipi lakini?" Verlyn akamuuliza.

"Ile unayoipenda wewe."

"Mimi silali hapa."

"Basi ile anayoipenda Ardis," alisema Orrin, akachukua kofia yake.

Siku ya kumi nilimkuta Verlyn amekaa ukingoni mwa kitanda, daftari limefungwa. Kope zake zilikuwa nyekundu. Alisema ameamua njano, maana njano haimuudhi mtu.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira zangu za New Jersey. "Miaka arobaini na sita ya ndoa," nikamwambia, "halafu unamchagulia mkeo rangi isiyomuudhi mtu? Huyo si mgeni wa kanisani! Umewahi kumuuliza?"

"Nilimuuliza kila mara. Kila chumba."

"Mara ngapi?"

"Kila chumba, nimekuambia."

"Kila chumba mara ngapi, Verlyn? Mimi nikija hapa unaniuliza kahawa mara ngapi?"

"Tatu," alisema bila kufikiri.

"Na Ardis ulimuuliza rangi mara ngapi?"

Alitazama ule ukuta wa uji, kisha mlango unaokwenda sebuleni, ambako kulikuwa na uji, kisha dari. Nilimwona akihesabu vyumba. Nilijuta kidogo kusema, lakini kidogo tu.

"Moja," alisema baadaye. "Aliposema ni nzuri, niliosha brashi."

Ardis aliletwa Alhamisi, kwenye kiti cha magurudumu, amefungwa blanketi, nywele zimechanwa upande usio wake. Nilikuwepo kwa sababu nilijialika. Verlyn alimsukuma mpaka chumbani, akafunga breki za kiti mbele ya ule ukuta, karibu kiasi cha kuugusa. Alikuwa ameweka makopo mawili wazi juu ya magazeti, kila moja na brashi yake, ili arekebishe kingo za miraba kabla mkewe hajaiona vizuri. Ndivyo alivyo. Alitaka hata vya kuchagulia viwe na kingo zilizonyooka.

"Mama," alisema. Anamwita hivyo tangu Jolene azaliwe. "Hii ni bluu. Ile ni njano. Nataka uipendayo wewe. Ni ipi?"

Ardis akatazama moja, akatazama nyingine. "Ni nzuri tu."

"Ipi, Mama? Hii au ile?"

"Ni nzuri tu."

Verlyn alinitazama. Nikamwonyesha vidole vitatu. Akapiga magoti pale sakafuni, na magoti yake si ya kupigiwa, yalilia yote mawili. Akaweka uso wake sawa na wa mkewe.

"Mama, nauliza mara ya tatu," alisema.

Ardis alimtazama kwa muda. Sijui kama nitaweza kueleza uso ule. Alikuwa kama mtu aliyeketi kwenye chumba cha kungojea mpaka akasahau alichokijia, halafu jina lake likaitwa. Aliuinua mkono wa kushoto, ule mzima, akaupeleka chini, akashika brashi ya bluu ndani ya kopo.

Hakuupaka mraba wa bluu. Hakuufunika ule wa njano. Alipaka katikati, kwenye uji.

Alipaka kwa mkono usiozoea, kutoka juu alipofika mpaka chini alipofika, na rangi ilimchuruzika mpaka kwenye kiwiko na blanketi. Mabega yale ya masufuria bado yalikuwa na kazi ndani yake, upande mmoja. "Ni nzuri tu," alikuwa akisema. "Ni nzuri tu. Ni nzuri tu." Uji wote aliofikia ulipokwisha, akaitupa brashi sakafuni, akanyoosha kidole kwenye kopo la pili. Nilimpa mimi brashi, maana Verlyn alikuwa amekwama kwenye magoti yake. Akapaka na njano. Uji wa upande ule nao ukaisha. Alipaka mpaka kwenye ubao wa dirisha.

"Unabonyeza sana, Mama," Verlyn alisema kwa sauti ndogo. "Itaacha michirizi."

Ardis akabonyeza zaidi.

Mimi nililia. Sioni aibu kusema. Nililia kwenye kitambaa kimoja cha njano cha jikoni. Verlyn hakulia. Alijikokota mpaka kitandani, akaketi, akautazama ukuta, ambao ulikuwa sasa kama kitu kilichofanywa na mtu mwenye ugomvi.

"Hukuipenda," alisema.

Brashi ikasimama.

"Tangu lini? Tangu sebule?" Sebule ilikuwa mwaka 1980, walipohamia. "Mama, tangu sebule ile ya kwanza?"

Ardis akashusha brashi mapajani. Alifungua mdomo na nikajua kitakachotoka, na kikatoka. "Ni nzuri tu." Lakini kichwa chake, kichwa kisichoaminika, kilikuwa kinakataa, kulia na kushoto, polepole, na hakuna mtu chumbani aliyekikosea maana.

Verlyn alitoka. Nilidhani amekwenda kujificha. Nilimsikia akishuka ngazi za chini, kisha akipanda kwa pumzi nzito, akateremka tena, akapanda. Nilipotazama uchochoroni kulikuwa na ndoo sita zimepangwa kwenye theluji. Ulikuwa uji wa miaka mitano ijayo. Ilibidi azikaushe kwa mchanga wa choo cha paka kabla watu wa taka hawajazikubali, na hakuna mwenye paka wengi hapa, kwa hiyo alikwenda kununua.

Chumba alikipaka rangi zote mbili. Ukuta wa mbele ya kitanda bluu, na kuta za pembeni njano. Aliniambia hakuna mtu wa kazi yake anayeweza kufanya kitu kama hicho na akatembea mjini kichwa juu. Lakini mkewe alishika brashi mbili, na yeye haoni sababu ya kumpunguzia. Ile michirizi ya Ardis aliiacha kama ilivyo, akapaka kuizunguka.

Na watu wa Nordby, wale ambao hawakuwa na maoni, ghafla wakawa nayo. Kwa maana Aasgaard ni jina la Wanorwei, na Tveit ni la Wanorwei, na nusu ya kanisa ni Wanorwei, na bluu na njano zikikaa pamoja ni bendera ya Waswidi, watani wao wa jadi. Orrin alifika na bakuli lake, akasimama mlangoni, akavua kofia.

"Verlyn, umefanya nini? Babu yako akiiona hii atafufuka aje akuchape!"

"Ardis ndiye aliyechagua."

"Ardis si Mswidi!"

"Hapana."

"Basi weka hata nyekundu ya bendera yetu katikati, ndugu yangu, tuone namna ya kukutetea!"

Ardis alikuwa kitandani, akiutazama ukuta wake. Akacheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja wa mdomo, lakini kilidumu, na Orrin alikaa akala bakuli lake mwenyewe nusu nzima akimngojea amalize.

Tangu siku hiyo Verlyn amekuwa mtu wa kuuliza. Alifungua ukurasa mpya kwenye lile daftari, akaanza mwaka 1980, na anakwenda mwaka kwa mwaka, kila kitu mara tatu. Samaki yule wa Krismasi anayelowekwa mpaka anakuwa kama jeli: mara ya tatu Ardis alijiziba pua kwa mkono wa kushoto. Kiti cha kahawia cha sebuleni: kimo uchochoroni. Kibanda cha kuvulia samaki ziwani, ambacho walikwenda kila kiangazi kwa miaka ishirini: mara ya kwanza ni nzuri tu, mara ya pili ni nzuri tu, mara ya tatu kichwa kikakubali kwa nguvu, mara kadhaa, na Verlyn akatoka nje kidogo. Mengine alikuwa amepatia. Hakutegemea hilo. Aliandika "amependa" na kuipigia mstari.

Kufikia mwezi wa sita walikuwa wamefika 1991. Nilikwenda Alhamisi moja mchana. Kahawa ilikuwa jikoni motoni, Ardis amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mwanga wa kiangazi umeingia, na njano ilikuwa imetulia kabisa, hakuna ngozi ya kuku. Verlyn alikuwa anapekua daftari.

"Umeruka," nikamwambia.

"Nimeruka nini? Nilianza mwanzo."

"Ulianza na nyumba. Nyumba ni themanini. Mlioana sabini na saba."

Alifunga daftari. Aliwahi kunieleza jinsi alivyomchumbia Ardis, kwenye maegesho ya kanisa, injini ikiwa inawaka kwa sababu ya baridi. Alimuuliza kama wangeoana, na Ardis akasema ingekuwa nzuri tu. Aliuliza mara moja. Sasa nilielewa kwa nini kalamu yake ilikuwa imeanza miaka mitatu baadaye, na nikatamani ningefunga mdomo. Lakini nilikuwa nimeshasema, na Ardis alikuwa amesikia. Aligeuza kichwa.

Verlyn alisogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Mama," alisema. "Na mimi je?"

"Ni nzuri tu."

Aliitikia kwa kichwa. Alifuta kiganja kwenye suruali. "Mimi mwenyewe. Ulinitaka?"

"Ni nzuri tu."

Kisha akainuka, akasema kahawa itaungua, akageuka kwenda jikoni. Ameuza brashi kwa nusu ya wilaya hii na hajawahi kuogopa mteja, lakini nilimwona shingo ilivyokuwa nyekundu. Hakufika mlangoni. Ardis alikuwa amemshika mkono wa shati kwa ule mkono wa kushoto, na ameushika kama mpini wa sufuria la shule. Verlyn alivuta kidogo. Hakuachiwa.

Ikambidi arudi. Hakukaa. Aliuliza akiwa amesimama, akitazama ukuta wa bluu, kwa sauti ambayo nisingeisikia kama jokofu lingekuwa linanguruma.

"Ulinitaka, Ardis?"

Mdomo wa Ardis ulianza kutafuta. Ulifunguka, ukafungwa, ukavutwa upande. Nilingoja yale maneno matatu. Alichukua muda mrefu hata nikasikia kahawa ikichemka kupita kiasi kule jikoni, na hakuna aliyesogea.

"Basi," alisema Ardis. Akapumzika, akaanza tena. "Basi, nusu."

Verlyn aliketi. Kahawa iliungua yote.